Sardegna ya Mayungu

Kusini mwa mji wa Malindi kuna ufuo ambao hauko saa zote. Nenda alfajiri ya siku fulani, utaona maji matupu. Nenda siku hiyo hiyo saa nne asubuhi, utaukuta umejitokeza katikati ya bahari, mweupe, mrefu, na watu wanatembea juu yake wakipigana picha. Rudi jioni, bahari imeshaufunika na mashua zinapita pale pale ulipokuwa umetandika leso yako.

Waitaliano ni wengi Malindi, tena si wa jana. Ndio walioupa ufuo huo jina la Sardegna Due, Sardegna ya pili, kwa kuwa ule weupe wa mchanga na ule ubuluu wa maji uliwakumbusha kisiwa chao cha Sardegna, kwenye Bahari ya Mediterania. Jina likashika. Hata vijana wa mashua wa Mayungu, kijiji cha wavuvi kilicho karibu, wakitafuta abiria hulitaja hivyo hivyo. Mimi halinikeri, ila nina neno nalo, na nitalisema wakati wake ukifika.

Leo nawasimulia siku ya mwanafunzi mmoja pale. Mwanafunzi nimemtunga, na wenyeji wake nimewatunga pia. Bahari, mwezi, mto na saa ni vya kweli, na anayetaka aende akahakikishe mwenyewe.

Huyo mwanafunzi tumwite Mgeni. Ametoka Entebbe, Uganda, ukingoni mwa Ziwa Victoria, akaja Kilifi kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Pwani. Mahali hapo palikuwa taasisi ya kilimo zamani, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kwa hiyo mtu wa mashamba hapotei pale. Mgeni alijua kuogelea, tena vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Aliyekulia ziwani huamini maji ni maji. Ziwa Victoria utalikuta pale ulipoliacha. Upepo utalitia mawimbi, mvua za miaka mingi zitalipandisha, lakini hutaamka siku moja ukute limejiondokea, mitumbwi imelala ubavu, halafu mchana likarudi.

Jumamosi moja ya Januari rafiki yake wa chumbani, mwenyeji wa Mayungu, akamwambia, "Twende kwetu leo. Vitabu vimekukausha. Babu amesema maji ni mazuri."

"Maji ni mazuri vipi?"

"Utaona. Lakini tuwahi."

Wakapanda matatu ya alfajiri. Kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60: Tezo, Matsangoni, halafu msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto na njia ya kwenda Gede upande wa kulia. Gede ni mji wa mawe uliohamwa na wenyewe karne nyingi zilizopita, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Una hadithi yake, nayo si ya leo.

Steji ya Malindi walipata chai ya rangi, mahamri ya moto na mbaazi. Mgeni alikuwa amezoea mandazi ya kwao, akalipasua hamri moja akitarajia unga ulioshikana, akakuta ndani tupu, mvuke unatoka na harufu ya iliki. Rafiki yake akamwonyesha: unalifungua, unachota mbaazi za nazi kwa kipande chenyewe, unakula kabla halijanywea. Alikula manne. Makanga aliyekuwa meza ya pili akamwambia mama muuzaji amwongeze mbaazi, maana mgeni huyu ameshapotea njia ya kurudi kwao.

Kisha wakashuka pwani ya mji, na hapo Mgeni akavunjika moyo. Maji yalikuwa ya kahawia. Yalifanana na chai waliyotoka kunywa, ikitiwa maziwa kidogo.

"Hii ndiyo bahari uliyonisifia?"

"Hiyo si bahari peke yake," akajibiwa. "Hiyo ni Sabaki."

Mto Sabaki huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Huko juu unaitwa Athi, na chimbuko lake liko karibu na Nairobi. Unapita nchi ya Wakamba, ukifika Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari ndipo unapopata jina la Sabaki. Njia nzima unakokota udongo. Kila mvua inaponyesha kwenye shamba lisilo na matuta, tabaka la juu la udongo huanza safari, na mwisho wa safari hiyo ni ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini unaovuma kuanzia kama Aprili, mkondo huusukuma udongo huo upande wa kaskazini, kuelekea Mambrui. Wakati wa kaskazi, yaani miezi kama Desemba na Januari, huja kusini, mbele ya mji. Mgeni aliinama akachota yale matope ya ukingoni, akayasugua kwa vidole, akayanusa. Alikuwa mwaka wa pili wa kilimo, hakuweza kujizuia. "Huu ni udongo wa mahindi," alisema. Rafiki yake akamvuta mkono.

"Twende, tutachelewa."

"Tutachelewa nini? Kwani bahari inafungwa?"

Hakujibiwa. Upande wa kusini wa ghuba, juu ya rasi ya mawe, ulionekana mnara mweupe wenye msalaba, nao ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwa na swali kama hilo hilo. Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi Aprili 1498. Sultani wa Malindi akampokea vizuri na kumpa rubani anayeijua njia ya India. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ndiyo kwanza inaanza, na chini ya mwezi mmoja wakawa wamefika pwani ya Kalikuti. Kurudi, da Gama hakungoja. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kabla upepo wa kaskazi haujatulia, na bahari ile ile iliyomchukua kwa wiki chache ikamzungusha karibu miezi mitatu. Mabaharia walivimba fizi kwa kukosa matunda na mboga, wengi wakafa. Waliobaki walifika Malindi Januari 1499, na kitu kimoja walichokitamani sana ni machungwa. Nahodha yeyote wa jahazi la Malindi angemweleza kwamba Oktoba si mwezi wa kuvuka kuja huku.

Wakachukua tuktuk, wakapita Casuarina, nyumba zikapungua, barabara ikawa ya mchanga na mawe. Mayungu walimkuta babu ameketi chini ya mwembe anashona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmechelewa kidogo, lakini tutawahi. Leo mwezi kumi na sita."

Mgeni akatazama simu yake. Ilikuwa tarehe nyingine kabisa. Akanyamaza, maana mtu hamkosoi babu wa watu siku ya kwanza.

Babu aliwapandisha kwenye dau lake, akalisukuma kwa upondo kuvuka mkondo mwembamba uliokuwa kati ya pwani na ule mchanga. Upondo ulikuwa ukigusa chini kila mara, na maji hayakuzidi kiuno cha mtu. Wakashuka. Mgeni akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya maji pamoja na mkoba wake, akatimua mbio kwenda kuogelea.

Akakimbia. Maji ya vifundo. Akaendelea. Maji ya magoti. Akaendelea tena, na maji yakarudi kuwa ya vifundo. Alipogeuka, watu walikuwa wadogo nyuma yake, naye bado hajalowa nguo. Akarudi polepole.

"Babu, bahari iko wapi?"

"Imekwenda zake. Itarudi. Leo ni bamvua, na sasa maji yamekupwa kabisa. Saa tano itaanza kurudi. Saa kumi na moja jioni itakuwa hapa." Akaweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, naye ni mtu mrefu. "Na zaidi."

Sasa wanangu, sogeeni hapa, maana hapa ndipo penye utamu wa hadithi hii.

Mwezi unaivuta dunia. Mawe hayasogei kwa urahisi, lakini maji husogea. Upande wa dunia unaouelekea mwezi, bahari huinuka kidogo. Upande wa pili kabisa, ambako mvuto wa mwezi ni hafifu zaidi, bahari huinuka pia, kwa kuwa ni kama imeachwa nyuma. Dunia nayo inajizungusha, kwa hiyo pwani yetu hupita katika hayo mainuko mawili kila siku, na ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Wakati dunia inajizungusha, mwezi nao haujakaa, umesogea mbele katika njia yake. Kesho yake pwani huchelewa kuufikia, na maji hujaa kama dakika 50 baada ya saa ya jana. Siku inayofuata, dakika 50 nyingine.

Jua pia linavuta, ingawa nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hapo ndipo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu tofauti yake hufika mita 3 na kupita. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, maji yanakuwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, tofauti yake karibu mita moja tu. Kwa hiyo babu alipotaja mwezi kumi na sita alikuwa anahesabu tangu mwezi uandame, na hesabu hiyo peke yake ilimpa karibu kila kitu. Katika pwani hii bamvua lina saa zake. Siku za mwezi mpevu na za mwandamo maji hujaa kama saa kumi, usiku na jioni, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mzee wa Mayungu akijua leo ni mwezi ngapi, hahitaji simu.

Lile neno langu juu ya jina ni hili. Katika Sardegna yenyewe, ile ya kwanza, ufuo wa namna hii hauwezi kuwako. Maji ya kule ni kama hayapwi. Mtoto wa Sardegna akitandika taulo hatua tatu kutoka kwenye maji asubuhi, jioni atayakuta maji yako hatua tatu, labda mbili na nusu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika sehemu kubwa ya Mediterania ni kama sentimita 30, hata pungufu. Mwezi wa kule ni huu huu wetu. Shida ni mlango. Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na maji ya bahari kuu huingia kwa mlango wa Gibraltar tu, ambao penye wembamba wake una upana wa kilomita 14 hivi. Ili bahari nzima ile ipande mita 3 kwa saa sita, maji mengi mno yangelazimika kupita pale. Hayawahi. Machache yanaingia, saa sita zinakwisha, na mwezi unaanza kuyavuta upande mwingine. Zipo pembe mbili tatu ambako maji husogea zaidi, kama Venice, ambako hufika karibu mita moja, na ghuba ya Gabès huko Tunisia. Kwingine bahari inakaa ilipo, kama ziwa la kina Mgeni.

Bahari ya Hindi haina mlango. Iko wazi kutoka pwani yetu hadi Australia. Ndiyo maana Sardegna ya Mayungu inazama na kuibuka mara mbili kwa siku, jambo ambalo ile iliyoipa jina haijawahi kulifanya hata mara moja. Kama jina lingetolewa kwa haki, mimi naona ingekuwa kinyume.

Babu aliwaacha Mgeni na rafiki yake watembee, akawaambia wasiokote kitu. Sehemu kubwa ya bahari hii imo katika mbuga ya baharini ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, nazo ndizo za kwanza Kenya. Ndani ya mipaka yake huvui samaki, huvunji tumbawe, huchukui hata kombe tupu, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawana mzaha na hilo. Nje ya mbuga kuna eneo la akiba ambako wavuvi wa kienyeji huruhusiwa kuvua kwa zana zao za jadi.

Katika madimbwi yaliyoachwa na maji Mgeni aliona viti vya pweza, vile viumbe vya umbo la nyota, vyenye nundu, jongoo bahari waliolala kama waliosahauliwa, na viumbe vya mviringo vyenye miiba mirefu myeusi ambavyo rafiki yake alimkataza hata kuvikaribia. Ukikanyaga kimoja, mwiba unakatikia ndani ya unyayo na hautoki kwa kuvutwa. Wenyeji hupaka utomvu wa papai na kusubiri. Kwenye dimbwi lenye kina kidogo palikuwa na pono wa buluu, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, anatafuna jiwe. Mgeni alisikia kabisa ule mlio wa kutafuna.

"Anakula nini?"

"Uoto ulio juu ya tumbawe lililokufa. Anang'ata na jiwe lenyewe, analisaga, kisha analitoa nyuma." Rafiki yake akachota mchanga mweupe kwa viganja viwili, akamwonyesha. "Hebu tazama."

Mgeni alitazama viganja vile, akatazama miguu yake mitupu, akatazama watalii waliojilaza kifudifudi na mashavu yao mchangani. Akacheka mpaka akakaa chini, ndani ya kile kile alichokuwa anakichekea. Si mchanga wote unaotoka kwa pono, mwingine ni makombe na matumbawe yaliyovunjwa na mawimbi, lakini pono ana sehemu yake kubwa. Pono wakivuliwa wakaisha, mchanga nao unapata tabu, na matumbawe yanasongwa na uoto. Mwaka 1998 maji ya bahari hii yalipata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yakageuka meupe na kufa. Yanaota upya, polepole sana.

Wakati huo babu alikuwa amerudi na dau lake hadi kwenye mwamba ulio nje ya mipaka ya mbuga, akawaita waje waone. Pweza huvuliwa siku za bamvua, mwamba unapokuwa wazi. Babu hakuwa anatafuta pweza, alikuwa anatafuta takataka. Mbele ya shimo moja palikuwa na makombe yaliyovunjwa, kaa waliobaki magamba matupu, na vijiwe vilivyopangwa mlangoni. "Huyu amekula jana usiku," alisema, akaingiza chuma chake chembamba shimoni, taratibu, akisubiri. Mnyiri mmoja ukatoka, ukakipapasa kile chuma. Ukaja wa pili. Rangi ya mnyama ikapita kutoka kahawia hadi nyeupe hadi madoadoa kwa muda wa kupepesa jicho. Babu akamvuta, wino mweusi ukaenea dimbwini, minyiri minane ikauzunguka mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Mgeni alirudi nyuma hatua mbili. Nyinyi mngekimbia, msinidanganye. Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu. Akishatolewa, hupigwa juu ya mwamba mara nyingi ili nyama ilainike, na kazi hiyo akapewa Mgeni. Aliifanya kwa uso wa mtu anayefua shuka la mgonjwa.

Saa saba hivi babu akasimama ghafla. Hakutazama bahari kuu, alitazama upande wa pwani, kule kwenye mkondo waliouvuka asubuhi.

"Viatu vyako uliviacha wapi, mjukuu wangu?"

Mgeni akakumbuka. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vinaelea, kimoja kikielekea Watamu na kingine hakijaamua. Mkoba ulikuwa umelowa chini. Hatua kumi kutoka hapo mama mmoja wa Kiitaliano, mzee, alikuwa amelala juu ya taulo lake na kofia usoni, na maji yameshafika kwenye ncha ya taulo. Babu akamwendea, akainama. "Signora, acqua," akasema kwa upole. Mama akainuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kukusanya vitu vyake huku akisema maneno mengi. Vijana wa Malindi hujifunza Kiitaliano ufuoni, babu naye hajapitwa. Aliwaambia baadaye kwamba yule mama anatoka Sardegna na ndiyo mara yake ya kwanza Kenya. Alikuwa ameweka taulo lake hatua tatu kutoka kwenye maji.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana kila mwaka kuna watu wanaokwama sehemu za namna hii. Maji yanaporudi hayaji usoni tu. Yanajaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, na wewe uliye juu ya mchanga mkavu huoni kitu. Halafu hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao: gawa maji yote yatakayopanda katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme leo yanapanda mita 3. Fungu moja ni sentimita 25. Saa ya kwanza utaona sentimita 25, utasema mbona polepole, utaendelea kupiga picha. Saa ya tatu pekee yanapanda sentimita 75, na ya nne hivyo hivyo. Ukingoja mpaka uone haraka yake, umeshachelewa. Babu aliinuka mwishoni mwa saa ya pili, na si kwa bahati.

Alimvusha yule mama pia kwenye dau lake. Hakuchukua pesa. Akachukua sigara moja, akaiweka nyuma ya sikio.

Nyumbani kwa babu chakula kilikuwa pweza wa nazi na wali, na nyanya wa rafiki yake alikataa kabisa kumhesabu Mgeni kuwa ameshiba. Walipokuwa wakila babu akawaeleza Waitaliano walianza vipi kuzoea pwani hii. Wengine walikuja kwa jua na samaki, lakini kabla yao walikuja watu wa roketi. Kaskazini mwa Malindi, Ngomeni, Italia ilisimamisha jukwaa la chuma ndani ya bahari, wakaliita San Marco, na mwaka 1967 wakaanza kurusha setilaiti kutoka hapo. Sababu ni mahali penyewe. Ngomeni iko karibu na ikweta, na ikweta ndipo dunia inapozunguka kwa kasi zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka tayari ina msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa hilo na kupewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Mgeni akauliza kama zinarushwa bado. Babu akasema hapana, ya mwisho ilikuwa mwaka 1988, lakini kituo kingali kinapokea habari za setilaiti.

Saa kumi na moja kasoro wakashuka tena pwani, na hapo ndipo Mgeni alipoogelea kama alivyotaka. Ule mchanga haukuonekana. Maji yalikuwa ya buluu, safi, kina chake kizuri, na alipiga mbizi pale alipokuwa anakimbia asubuhi. Chumvi ilimuingia machoni na puani, akatoka akitema na kulalamika kwamba ziwani mtu akinywa maji hapati adhabu. Nyanya akampa leso kavu na kandambili za mjukuu wake mwingine, zenye ukubwa usio wake.

Njiani kurudi Kilifi alikuwa ameshapanga kuleta kundi zima la darasani Jumamosi inayofuata. Akaandika ujumbe kwenye kikundi chao, kabla hajautuma akausoma kwa sauti. Rafiki yake akamwambia, "Hesabu kwanza." Basi Mgeni akahesabu nyuma ya daftari lake, matatu inaruka mashimo. Leo mwezi kumi na sita. Jumamosi ijayo ishirini na tatu, mwezi nusu, maji mafu. Siku saba mara dakika 50 ni karibu saa sita, kwa hiyo saa ile ile ya asubuhi ambayo leo maji yalikuwa yamekupwa, Jumamosi ijayo yatakuwa yamejaa. Na hata yakipwa mchana, hayatashuka vya kutosha kuutoa mchanga wote. Jumamosi ya baada yake mwezi utakuwa unaandama, bamvua lingine, maji chini asubuhi kama leo.

Akafuta, akaandika upya: tunakwenda baada ya wiki mbili, tunaondoka alfajiri, viatu vifungwe mkobani. Mwanafunzi mmoja kutoka Kitale akajibu papo hapo kwamba ameshanunua kaptura ya kuogelea na hangoji wiki mbili, maji ni maji. Mgeni akamwandikia aende Bofa, hapo hapo Kilifi, Jumamosi hiyo hiyo. Kwa maji mafu ataogelea saa anayotaka, na nauli atabaki nayo.